Upasuaji wa Makengeza: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubali

Makengeza ni hali ya macho mawili kutotazama upande mmoja kwa wakati mmoja. Hayaletwi na husuda wala laana. Kila jicho huzungushwa na misuli sita, na upasuaji hurekebisha mvuto wa misuli hiyo. Jicho halitolewi mahali pake, kama wengi wanavyohofu.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kulegeza: msuli unaovuta kupita kiasi hutenganishwa na jicho, kisha hushonwa nyuma kidogo. Ya pili ni kukaza: msuli dhaifu hupunguzwa urefu, kisha hushonwa mahali pake pa awali. Mara nyingi njia hizi huenda pamoja. Ya tatu ni uzi wa kurekebishika, ambao fundo lake hukamilishwa mgonjwa akishaamka na jicho kupimwa upya. Hii huwafaa zaidi watu wazima, kwa kuwa hudai utulivu ambao mtoto mdogo hana.

Hakuna njia iliyo bora kwa wote. Uamuzi hutegemea upande na kiasi cha makengeza, na kama mgonjwa amewahi kupasuliwa. Wako wanaonyooka kwa miwani pekee, na wako wanaohitaji upasuaji wa pili.

Tunasisitiza jambo moja: upasuaji hunyoosha jicho, haurudishi uoni. Jicho lililopinda huzoea kutotumika, na nafasi ya kuliamsha kwa miwani au kwa kuziba jicho zima hupungua sana mtoto akipita miaka 7 au 8. Makengeza yanayodumu baada ya umri wa miezi 4 yapimwe. Weupe ndani ya mboni ni dharura. Huenda ukawa dalili ya saratani.

Mkazi wa Ujiji, Kibirizi au vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika asiuze nyavu zake kwa ajili ya safari ya Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kabla ya kupata ushauri katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Akipewa rufaa, na aulize: Je, miwani imejaribiwa? Ni misuli ipi itakayoguswa, na kwa njia gani? Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipa nini? Ni mara ngapi tutapaswa kurudi? Mzazi ana haki ya kujibiwa kabla ya kutia saini.