Cherehani kongwe Pemba: Jina la kibandiko halitoshi kumtambua aliyeiunda

MSIMU wa karafuu unapokuwa mzuri kisiwani Pemba, fedha huzunguka, na miongoni mwa vitu vinavyobadilisha mikono ni cherehani. Nyingi si mpya. Ni zile nyeusi zenye maua ya rangi ya dhahabu, zilizorithiwa kutoka kwa bibi au kununuliwa kwa fundi aliyeacha kazi. Muuzaji husema jambo moja tu, kwamba hiyo ni Singer ya asili, na kwa kauli hiyo bei hupanda.

Kauli hiyo huenda ikawa kweli, na huenda isiwe. Kwa mnunuzi wa Wete au Mkoani anayetaka kuishi kwa kushona kanzu na sare za skuli, tofauti haiishii kwenye sifa. Iwapo kipuri fulani hakipatikani Chake Chake, huagizwa Unguja au Dar es Salaam, na kikifika bila kuingia mahali pake, nauli na siku za kazi zimepotea. Ramadhani haimsubiri fundi.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuamini maandishi yaliyopakwa juu ya mkono wa mashine. Maandishi hayo ni karatasi laini iliyogandishwa na kufunikwa vanishi. Hufutika kwa mafuta na kusuguliwa, na mtu yeyote anaweza kugandisha mengine. Beji ya shaba nayo hushikiliwa kwa vipini viwili vidogo, hivyo kuihamishia kwenye kichwa kingine ni kazi ya dakika chache.

Kisichohamishika kwa urahisi ni nambari iliyogongwa kwenye chuma. Katika Singer nyingi za nyumbani, nambari hiyo iko juu ya kitako, upande wa kulia, chini ya nguzo. Mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu pekee. Baada ya hapo kampuni ilianza kutanguliza herufi, na herufi ndiyo inayotaja kiwanda. F, iliyotumika kuanzia mwaka 1910, na Y, iliyofuata tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, ni za Clydebank, Scotland. Kisha zikaja herufi mbili zinazoanza na E, nazo za huko huko. Herufi G ya kipindi hicho ni ya Elizabeth, New Jersey, Marekani.

Ikumbukwe kwamba mwaka unaopatikana kwa nambari ni ule ambao fungu la nambari lilitengwa kwa kiwanda. Mashine yenyewe huenda ilikamilika miezi kadhaa baadaye.

Kiwanda cha Clydebank, kilichojengwa katika eneo la Kilbowie na kufunguliwa mwaka 1885, kilikuwa miongoni mwa vikubwa mno duniani. Mwaka 1913 kilitoa zaidi ya mashine milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha reli kilichokuwa kikiwahudumia wafanyakazi wake bado kinaitwa Singer hadi leo. Ndiyo maana aina nyingi zina herufi K mwishoni, kama 15K, 99K na 201K: K ni Kilbowie. Herufi hii ya mwisho wa jina la aina isichanganywe na ile ya mwanzo wa nambari. J mwishoni, kwa mfano, humaanisha kiwanda cha Kanada, na G mwishoni ni Ujerumani, ilhali G mwanzoni mwa nambari, kama ilivyoelezwa, ni Marekani. Wauzaji wengi huchanganya hapa, wengine kwa kutojua.

Beji yenye ukingo wa buluu na miaka 1851 na 1951 nayo huwapotosha watu. Wapo wanaoisoma kana kwamba mashine iliundwa mwaka 1851. Ukweli ni kwamba beji hiyo iliadhimisha miaka 100 tangu Isaac Merritt Singer apate hati ya uvumbuzi wake mwaka 1851. Mashine yenyewe ni ya wakati wa maadhimisho hayo.

Baada ya kichwa, vifuatwe vipuri. Sehemu nyingi ndogo za Singer, kama vile miguu ya kukandamizia kitambaa, bamba la sindano na kikasha cha bobini, zimegongwa nambari pamoja na neno SIMANCO, ufupisho wa Singer Manufacturing Company. Neno hilo likionekana kwenye kipuri kimoja, halithibitishi mashine nzima. Linathibitisha kipuri hicho. Likikosekana kwenye vyote, kuna haja ya kuuliza maswali zaidi.

Kichwa kinachofanana na Singer kuliko vingine vyote ni kile cha aina ya 15. Umbo lake lilinakiliwa karibu dunia nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani vilikubaliana kuunda mashine ya mfano huo yenye vipuri vinavyobadilishana, kisha waagizaji wa nchi mbalimbali wakabandika majina yao wenyewe. Kwa hiyo jina lililo mbele ya mashine ya Japani aghalabu ni la mfanyabiashara. Kiwanda hutafutwa chini: mashine ikilazwa, huonekana alama zilizosubiwa kwenye chuma zinazoanza na J-A au J-C na kufuatiwa na nambari.

Uchina nayo ilitumia herufi JA kwa maana nyingine kabisa, yaani aina ya mashine ya nyumbani, kama JA1-1 na JA2-1. Viwanda vingi viliunda aina hiyo hiyo. Maarufu kati yao ni kile cha Shanghai kinachotoa Butterfly, jina lisilo geni kwa fundi yeyote wa Tanzania. Chanzo chake ni duka la mwaka 1919, na kabla ya mwaka 1966 mashine zake ziliitwa Wudi, yaani “isiyo na mshindani”. India ina Usha, iliyoanza Calcutta katika miaka ya 1930, nayo ikiwa ya ukoo wa 15.

Hapa mnunuzi asivunjike moyo. Nakala za 15 si mashine mbovu. Hutumia bobini ile ile yenye kipenyo cha milimita 20 hivi na sindano ile ile ya kawaida, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya Singer nyingine za asili. Kosa ni kuzilipia bei ya Clydebank.

Kinyume chake, Singer ya kweli yaweza kuwa mzigo. Aina ya 12, inayotambulikana kwa kitako chenye umbo la fidla, kama zile za vikundi vya taarab, hutaka sindano ambayo haitengenezwi tena kwa wingi. Aina za 27 na 28 hutumia bobini ndefu nyembamba inayokaa ndani ya chombo chenye umbo la risasi. Kikipotea chombo hicho, mashine ni pambo. Skrubu za Singer zina hesi za kampuni yenyewe, na ya duka la vifaa vya ujenzi ikilazimishwa huharibu tundu.

Thamani ya cherehani kongwe pia imewahi kupandishwa na uvumi. Aprili 2009, nchini Saudi Arabia, ilienea habari kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu, kitu ambacho hakijapata kuthibitishwa kuwapo. Bei zilitajwa kufika riyali 200,000 kwa mashine moja, na polisi wakaanza uchunguzi. Wanunuzi walikuwa wakisogeza simu ya mkononi karibu na sindano. Simu ikikatika, waliamini zebaki imo.