Fangasi wa mdomoni: Kwa nini utando mweupe haufutiki?

NDUGU msomaji, bila shaka umewahi kumuona mtoto mchanga mwenye weupe juu ya ulimi. Wakubwa nyumbani husema ni maziwa, na mama huchukua kitambaa safi akakilowesha na kufuta. Kama ni maziwa kweli, hufutika mara moja. Lakini wakati mwingine weupe ule hung'ang'ania, uko hata ndani ya mashavu, na ukilazimisha kuufuta panabaki pekundu, pengine na damu. Hayo si maziwa wala uchafu. Ni fangasi. Ukijua wanavyoshika, utajua pia kwa nini kuwasugua hakusaidii.

Ni fangasi gani hawa?

Jina lao la kitaalamu ni Candida albicans. Ni jamaa wa mbali wa hamira tunayoumulia maandazi, ingawa hamira ya jikoni siyo iletayo ugonjwa huu. Watu wengi wenye afya wanaishi nao mdomoni na tumboni, na wanawake wengine ukeni, bila kudhurika. Mate huwasomba kila tunapomeza, na bakteria wazuri huwanyima nafasi. Kwa hiyo fangasi akitaka kudhuru, kazi yake ya kwanza ni kushika ili asisombwe.

Gundi iliyo ukutani

Kila seli ya fangasi ina ukuta. Ndani umejengwa kwa glukani na kitini, ambayo ni malighafi ile ile ya gamba la kamba na mende. Nje zimechomoza protini zilizobebeshwa sukari iitwayo manosi. Hizi za nje ndizo mikono yake.

Ukoo mmoja wa protini hizo unaitwa Als, nao una ndugu wanane. Mmoja wao, Als3, hukamata protini ambayo seli zetu huitumia kushikana zenyewe kwa zenyewe. Seli yetu hudanganyika, ikammeza fangasi ndani.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walieleza ujanja wa protini nyingine, Hwp1. Hii inafanana sana na protini za mwili wetu, kiasi kwamba kimeng'enya chetu wenyewe huiunganisha na seli za mdomo kwa kifungo kigumu kukatika. Ni kama fundi wa nyumba yako kumjengea mwizi ukutani, akidhani ni tofali. Als3 na Hwp1 hutokea hasa fangasi anapoacha umbo la duara na kuota nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazopenya na kujeruhi.

Nani wawe na tahadhari?

Ni watoto wachanga, wazee wenye meno ya bandia, wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye kinga dhaifu ikiwemo ya VVU, na wanaotumia dawa za kuvuta za pumu zenye steroidi. Wamo pia wanaonunua antibaotiki ovyo dukani. Dawa hizo haziui fangasi. Huua bakteria waliokuwa wakimzuia.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, usimkwangue mtoto ulimi. Mpeleke kituo cha afya. Dawa inayotumika sana ni ya matone, nistatini, iliyogunduliwa mwaka 1950 na wanasayansi wawili wanawake wa New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Usiiache weupe unapopotea tu. Kwa kawaida huendelezwa siku mbili zaidi, kwani waliobaki wameshika usipowaona. Mama mwenye maumivu ya chuchu aseme, ili watibiwe wote wawili. Chupa na chuchu za mpira zichemshwe.

Pili, meno ya bandia yavuliwe usiku na kupigwa mswaki kila siku. Fangasi hushika plastiki pia, wakajenga utando ambao dawa hupenya kwa shida. Kusukutua wakati wa udhu ni usafi mzuri, lakini maji peke yake hayawang'oi walioshika. Mwenye dawa ya kuvuta asukutue na kuyatema maji kila amalizapo, ili mabaki ya dawa yasikae mdomoni.

Tatu, akina mama: fangasi hawa hawa huleta muwasho na uchafu mzito kama maziwa mgando sehemu za siri. Istinjaa kwa maji, nje, inatosha. Kuosha ndani kwa sabuni, ndimu au kitunguu saumu huchubua na kuwaondoa bakteria walinzi. Na wewe mume, usimtuhumu mkeo. Kwa kawaida ugonjwa huu hauhesabiwi kuwa wa zinaa. Humpata hata mwanamke asiyejua mwanamume. Nyumba zimevunjika kwa dhana tu. Apimwe, kwani uchafu wa ukeni una sababu nyingi na kila moja ina dawa yake.

Mwisho, mtoto akikataa kunyonya, au mtu mzima akipata utando huu bila sababu ya wazi au kuumia anapomeza, asisubiri. Aende hospitali, apimwe sukari na VVU. Huenda utando ule ndiyo dalili ya kwanza ya maradhi makubwa zaidi, na kuyajua mapema ni nafuu kwake na kwa familia yake.