Programu-jalizi: matundu ya usalama katika tovuti ndogo

Programu-jalizi ni kipande cha programu kinachoongezwa kwenye tovuti ili kuipa kazi isiyokuwemo katika mfumo wake wa msingi: fomu ya kuomba nafasi ya shule, picha zinazopishana, malipo. WordPress, mfumo uliotoka mwaka 2003 na sasa unaoendesha zaidi ya theluthi ya tovuti zote duniani, una makumi ya maelfu ya nyongeza hizo. Kila moja hufanya kazi ndani ya seva kwa mamlaka yale yale ya mfumo wenyewe, hivyo kosa la mistari michache linaweza kumkabidhi mdukuzi tovuti nzima.

Septemba 2020 lilifichuka tundu katika programu-jalizi ya WP File Manager, iliyotumiwa na tovuti zipatazo 700,000. Ndani yake lilisahaulika faili la majaribio ambalo seva ilikubali kuliendesha kwa amri ya mtu yeyote, bila nywila. Wadukuzi walipakia programu zilizofichwa ndani ya picha. Marekebisho yalitoka upesi. Waliochelewa kuyaweka ndio walioumia. Novemba 2024 ikawa zamu ya Really Simple Security, ambayo kazi yake hasa ni ulinzi: uthibitisho wake wa hatua mbili ulimtambua mgeni asiye halali, kisha ukamruhusu kuingia.

Mkoani Kagera, Tanzania, halmashauri za Karagwe na Kyerwa zina tovuti zilizojengwa juu ya mfumo wa pamoja wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, na matunzo yake yana mwenyewe. Hatari kubwa iko kwingine. Shule, nyumba ya wageni ya Kayanga au chama cha wakulima wa kahawa cha Nkwenda humlipa fundi, fundi huondoka, na tovuti hubaki na matoleo ya siku ile kwa miaka. Udogo si kinga, kwa kuwa programu za wadukuzi hupekua anwani moja baada ya nyingine zikitafuta toleo bovu, bila kujali ni la nani. Mnunuzi wa kahawa akifuata namba ya akaunti ya benki iliyobadilishwa kwenye tovuti, fedha za msimu mzima zinaweza kwenda kwa tapeli. Taarifa za wazazi na wanafunzi nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wajibu huo ni wa anayezikusanya.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Tangu Agosti 2020 WordPress inaweza kusasisha programu-jalizi yenyewe, mmiliki akiiruhusu. Isiyotumika ifutwe kabisa; kuizima tu hakutoshi, maana mafaili yake hubaki kwenye seva, na tundu la WP File Manager lilifikika hata ilipozimwa. Tovuti ikishadukuliwa, kusasisha hakumtoi aliyekwisha kuingia: hurejeshwa nakala ya kabla ya shambulio, iliyohifadhiwa nje ya seva, matundu yakazibwa na nywila zote zikabadilishwa kabla haijafunguliwa tena.