Viran Morros: Mlinzi Aliyepata Fahari kwa Kuzuia

Katika mpira wa mikono sifa aghalabu humwendea mfungaji, kwa kuwa mabao huhesabiwa na kuandikwa, ilhali bao lililozuiwa halina daftari. Na kwa ajili hiyo inastahili tumtaje kwa taadhima Viran Morros, Mhispania aliyezaliwa Barcelona mwaka 1983, ambaye alijipatia umaarufu katika kazi ya ulinzi, akastaafu akiwa na medali ambazo wafungaji wengi mahodari hawakujaaliwa kuzipata.

Sheria za mchezo huu huruhusu wachezaji kubadilishana wakati wowote pasipo kumngoja refa, na Morros aghalabu aliingia uwanjani timu yake ilipopoteza mpira, kisha akatoka ilipoupata. Mahali pake palikuwa katikati ya ukuta, mbele ya mstari wa mita 6, na katika timu ya taifa mwenziwe alikuwa Gedeón Guardiola. Hapo alimkaba mshambuliaji wa mstarini, akainua mikono kukinga mikwaju ya mbali, akamshika mpinzani kwa kadiri na hadhari, kwani anayezidisha nguvu hutolewa nje dakika 2, na wenzake hubaki pungufu.

Alipokuwa Atlético Madrid alishindwa na klabu ya Kiel katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2012, na mwaka uliofuata klabu hiyo ya mpira wa mikono ikavunjika kwa dhiki ya fedha. Akahamia Barcelona, ambako mwaka 2015 alilitwaa taji lile lile mjini Cologne, kabla ya Paris Saint-Germain kumchukua mwaka 2018.

Lakini ushahidi ulio wazi zaidi wa thamani ya ulinzi wake umo katika fainali za taifa lake. Mwaka 2013, mbele ya watu wao mjini Barcelona, Wahispania walitwaa ubingwa wa dunia kwa mabao 35 kwa 19, na Wadenmark waliofungwa walikuwa na mshambuliaji mashuhuri Mikkel Hansen. Mwaka 2018 mjini Zagreb, Wasweden walikwenda mapumziko wakiongoza 14 kwa 12, kisha kipindi cha pili chote wakapata mabao 9 tu, na kombe la Ulaya likaenda Hispania kwa 29 kwa 23. Miaka miwili baadaye, huko Stockholm, Wakroatia nao waliishia mabao 20, dhidi ya 22 ya mabingwa. Kisha ikaja medali ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, baada ya kuishinda Misri 33 kwa 31.

Mataji hayo hayakuwa ya mtu mmoja, wala ukuta hausimami kwa jiwe moja. Hata hivyo, makocha wa timu ya taifa wa nyakati tofauti, Valero Rivera na baadaye Jordi Ribera, wote walimwamini Morros kwa kazi hiyo hiyo. Basi yeyote afundishaye vijana mchezo huu na amfunze mlinzi kwa bidii ile ile anayomfunzia mfungaji, na amsifu mbele ya wenzake, maana ubingwa hupatikana pia kwa mabao ambayo adui hakuyapata.