Biliqo: Bunduki Ilale Wapi Usiku?

Swali la kama mtu awe na silaha mwilini akiwa nyumbani huulizwa na watu wa namna mbili. Kuna mwenye kibali cha bastola, mara nyingi mfanyabiashara au mwanasiasa wa Isiolo mjini au Nairobi, anayetaka kujua kama aiache kiunoni hata akiwa amekaa sebuleni na watoto wake. Na kuna polisi wa akiba wa Biliqo, wadi ya Chari, kaunti ndogo ya Merti, ambaye bastola hana haja nayo. Yeye amekabidhiwa bunduki ndefu ya serikali, na jua likizama anarudi nayo kwenye manyatta kwa sababu hana pengine pa kuiweka. Yule wa kwanza ana kuta za mawe, kufuli na kituo cha polisi kisicho mbali, kwa hiyo nitamjibu kwa ufupi. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi. Akiwa na bunduki ndani, hatari inalala naye; asipokuwa nayo, hatari inaweza kumjia kutoka nje.

Jibu langu nalitoa mapema. Silaha isivaliwe nyumbani, na isilale ikiwa na risasi kwenye chemba, iwe Biliqo au Nairobi. Ila kwa Biliqo jibu hilo linasimama tu pale ambapo kuna watu wengine walio macho. Anayemwambia mfugaji afungie bunduki bila kumwambia nani atalinda zizi usiku huo, hajamsaidia kitu.

Haja ya bunduki katika nchi hii ya Ewaso Nyiro ina historia yake. Waborana wa Isiolo waliingia katika Vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, wakiwa na ng'ombe na ngamia wengi, wakatoka humo karibu mikono mitupu. Walikusanywa kambini, mifugo ikafa na mingine ikauawa, na wazee mpaka leo wanauita wakati huo daaba. Kisha silaha zikamiminika kutoka nchi jirani. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la kambi ya jeshi ya Moroto lilivunjwa na bunduki zake zikasambaa katika nchi ya wafugaji. Mwaka 1991 zilianguka serikali mbili kwa mpigo, ya Siad Barre kule Somalia na ya Mengistu kule Ethiopia, na askari wao wakauza walichokuwa nacho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Small Arms Survey la Geneva ulikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki kati ya 530,000 na 680,000. Nyingi hazina kibali.

Juu ya hayo kuna malisho. Kiangazi kikikaza, Waborana wa Biliqo, Wasamburu wa upande wa magharibi na Warendille wa kaskazini hukutana katika maji na nyasi zilezile, Kom ikiwa mojawapo ya sehemu zinazogombaniwa. Ukiwa na ng'ombe arobaini na jirani yako ana bunduki, hata kama hajawahi kukuelekezea, utaanza kuwaza ya kwako. Naye akisikia umenunua, ataongeza ya pili. Hapo hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini bonde zima limejaa silaha.

Serikali nayo ina mkono wake. Polisi wa akiba walianzishwa enzi ya mkoloni, na leo wanatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Ni watu wa hapohapo, wa kujitolea, wanaopewa bunduki ili walinde vijiji ambavyo polisi hawafiki upesi. Mwaka 2019 serikali ilizichukua bunduki zao katika kaunti kadhaa za kaskazini na Bonde la Ufa ili kuwachunguza upya, na watu wakalala kwa wasiwasi. Biliqo kulikuwa pia na askari wa hifadhi za jamii zilizo chini ya Northern Rangelands Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 2004. Wakazi walikwenda mahakamani kuzipinga hifadhi hizo mwaka 2021, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi za Biliqo-Bulesa na Cherab ziliundwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo suala la nani ashike silaha Biliqo, na kwa idhini ya nani, ni mjadala unaoendelea wazi, na wakazi wana haki ya kusikilizwa ndani yake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenyewe, maana hapo ndipo ushauri mwingi wa mjini unapokwama. Nyumba ya Kiborana ni fito zilizokunjwa zikafungwa kamba, juu yake mikeka, nyasi na siku hizi turubai. Mlango ni pazia. Hakuna kabati la chuma, hakuna dari, hakuna chumba cha mzazi peke yake. Bunduki inachomekwa kati ya fito na mkeka upande wa kichwani, au inalazwa chini ya ngozi ya kulalia. Kila mtoto wa nyumba hiyo anajua ilipo. Wa miaka sita au saba ana nguvu za kutosha kufyatua. Na wengi hawajui hili kuhusu AK-47: kile chuma cha upande wa kulia kinachofungia bunduki kina vituo vitatu. Juu kabisa ni salama. Kikisukumwa chini nusu, kinatua kwanza kwenye mfululizo, ambapo risasi zinamiminika mpaka kidole kiachie. Risasi mojamoja ni kituo cha chini zaidi. Mtoto anayekichezea anakutana na kile kibaya zaidi kwanza.

Risasi ya AK inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, na ya bunduki ya G3 inakaribia 800. Mkeka na nyasi haviizuii hata kidogo. Inapita nyumba yako, inapita ya shemeji yako, na bado ina nguvu ya kuua ng'ombe zizini. Ya bastola ni ya polepole kuliko hizo, lakini nayo haisimamishwi na turubai. Kwa hiyo anayefyatua risasi gizani katikati ya manyatta hana upande ulio salama kuelekezea mtutu. Kila upande kuna watu wake.

Uvamizi hupenda alfajiri, saa ambayo usingizi ni mzito. Mtu anashtuka, mbwa wanabweka, mbuzi wamechachamaa, na gizani kuna vivuli vinavyokwenda mbio. Baadhi ni vya wavamizi na baadhi ni vya vijana wa boma wanaokimbilia mifugo. Kijana aliyechelewa kurudi na ngamia aliyepotea naye anaingia saa hizohizo. Mwenye bunduki ana sekunde mbili za kuamua, macho bado yana usingizi. Wazee wanajua hatari hii, ndiyo maana mgeni wa usiku husimama mbali na kusalimu kwa sauti, akangoja kujibiwa kabla ya kusogea. Desturi hiyo imeokoa watu ambao hakuna atakayewahesabu.

Takwimu nzuri za nyumba kama hizi hatuna nyingi, lakini za kwingineko zinafaa kusomwa. Mwaka 2022 David Studdert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 17 wa jimbo la California, wasiomiliki bastola wao wenyewe. Walioishi nyumba moja na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale ambao nyumba zao hazikuwa nayo. Kupigwa risasi nyumbani na mume, mke au mpenzi kulikuwa mara saba, na wengi mno wa waliokufa hivyo walikuwa wanawake. Miaka miwili kabla, watafiti haohao walionyesha kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi kwa kiwango cha mara nane ya wasio nazo. California si Biliqo, nakubali, na huko hakuna wezi wa ngamia. Lakini ugomvi wa mume na mke upo kila mahali, huzuni ya kijana aliyepoteza mifugo yote kwa ukame ipo, na kidole cha hasira hakina kabila. Bunduki iliyo mkononi hufupisha muda kati ya hasira na kifo, na ule muda ndio mashangazi na wazee huutumia kusuluhisha.

Kwa mwenye kibali cha bastola, basi, maneno yangu ni machache. Kibali chako kinatoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na sheria hiyo inakutaka uiweke silaha mahali salama wakati wote. Kiunoni unapopika chai na kubeba mtoto si mahali salama. Nunua kisanduku cha chuma, kifunge kwenye ukuta, risasi ziwe mbali. Na kumbuka kwamba sheria ya kujitetea inapima kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokuwa mbele yako. Mwizi anayekimbia na televisheni yako mgongoni hajakupa ruhusa ya kumuua.

Kwa polisi wa akiba, mazoea ya kila jioni yana uzito kuliko hotuba. Kosa linaloua watu wakati wa kutoa risasi ni la mpangilio: mtu anavuta koki kwanza, risasi iliyo kwenye chemba inaruka nje, anadhani amemaliza, kumbe magazini bado imo na koki hiyohiyo imeingiza risasi nyingine. Magazini itoke kwanza. Ndipo uvute koki, mara mbili, mtutu ukielekea kwenye udongo nje ya boma, kisha uangalie chemba kwa macho na uipapase kwa kidole, maana giza hudanganya. Baada ya hapo toa bolti. Bunduki isiyo na bolti ni chuma tu. Mtoto hawezi kuifyatua, na mwizi aliyeichukua hana silaha. Bolti ilale kwa mtu mmoja, risasi kwa mwingine, bunduki kwenye sanduku la bati nene lililofungwa kwa mnyororo kwenye mti. Sanduku la namna hiyo fundi yeyote wa kuchomelea wa Merti analiweza.

Utaniambia: na wavamizi wakija? Hapo tunarudi kwenye watu walio macho. Mtu mmoja mwenye bunduki kila nyumba, wote wamelala, ni ulinzi hafifu kuliko watu wanne wanaokesha kwa zamu wakijua kila mmoja yuko upande gani. Waborana hawahitaji kufundishwa zamu. Aba herega hupanga zamu ya maji kisimani mpaka ngamia wa mwisho, na wazee wa dedha hupanga nani alishe wapi na lini. Utaratibu huohuo unaweza kubeba ulinzi wa usiku: wachache wenye silaha wawe nje ya nyumba, upande wa zizi unaojulikana, na wengine wote wazifungie. Sheria ya kwanza ya zamu iwe kwamba hakuna anayefyatua kuelekea nyumba.

Nasisitiza la pamoja kwa sababu ya yaliyowapata watu wa Karamoja. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki huko. Wabokora, mojawapo ya jamii za huko, walioitikia walibaki wazi mbele ya majirani ambao bado walikuwa nazo, na jeshi lililotakiwa kuwalinda likapelekwa kupigana na waasi wa kaskazini. Wakavamiwa, wakanyang'anywa mifugo. Baada ya hapo nani angewaambia tena kwamba kutoa silaha ni busara? Kwa hiyo simwombi mtu wa Biliqo aanze peke yake. Naomba hatua zichukuliwe pande zote za malisho kwa wakati mmoja, kwa mtindo wa Azimio la Modogashe la 2001, ambapo wazee wa wilaya kadhaa za kaskazini walikaa pamoja wakakubaliana juu ya malisho, wizi wa mifugo na silaha haramu.

Na kwa kamati ya usalama ya Kaunti ya Isiolo: hakuna sheria mpya inayohitajika hapa. Bunduki za polisi wa akiba ni mali ya serikali, na serikali inaweza kuzijengea ghala dogo la mawe Biliqo, lenye mlango wa chuma, funguo mbili kwa watu wawili, na daftari la kutoa na kurudisha. Polisi wa akiba walio zamu wachukue zao jioni, wazirudishe asubuhi, na walipwe kwa usiku waliokesha. Wenzao wa upande wa Samburu wafanyiwe vivyo hivyo wiki hiyohiyo. Naomba lifanyike kabla ya kiangazi kijacho, mifugo haijaanza kuelekea Kom.