Kimya Chenye Sababu Nyingi

Kompyuta ya mtu anayeona ikiharibika ghafla humwachia dalili: skrini ya buluu yenye maandishi meupe, kishale kilichoganda, au angalau taa ndogo iliyozimika. Asiyeona, ambaye huisikiliza kompyuta kwa programu ya kusoma skrini, huachiwa kimya tu. Na kimya ni kilekile, iwe betri imeisha, spika imekufa, programu imekwama au diski imeungua.

Huko Bule, mkoani Ituri nchini Kongo, kwenye nyanda za juu za Djugu kaskazini mwa Bunia, kimya hicho kina njia nyingi za kuja. Umeme wa paneli za jua hukatika mawingu yakitanda, na jenereta ikiyumba, volti hupanda na kushuka nayo. Tena kuna radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani; huko Kabare, Kivu ya Kusini, vipimo vya setilaiti vilihesabu wastani wa miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Fundi mwenye vipuri yuko Bunia, na barabara ya kumfikia inapita katika eneo ambalo halijatulia tangu mwisho wa 2017. Kwa hiyo mtumiaji asiyeona analazimika kuwa fundi wa kwanza wa kompyuta yake mwenyewe.

Kazi hiyo huanza kwa kujua sauti inatoka wapi. Programu kama NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, haitazami skrini kama jicho linavyotazama. Inauliza mfumo endeshi: hapa pana kitufe gani, kimeandikwa nini, kimechaguliwa au la? Jibu hupelekwa kwa kitengeneza sauti, mara nyingi eSpeak, ambacho huunda mawimbi kwa hesabu badala ya kucheza sauti ya mtu iliyorekodiwa. Ndiyo maana eSpeak ni kidogo, kinasoma Kiswahili, na maneno yake hueleweka hata yakikimbizwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Kutoka hapo sauti hupita kwenye draiva, kisha kwenye spika. Kiungo kimoja kikikatika, sikio halipati kitu.

Dawa ni kuilazimisha kompyuta itoe ishara kwa njia nyingine. Weka kiganja kwenye tundu la feni: kuna upepo, kuna joto, kuna mtetemo? Kama upo, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Vitufe hivyo huianzisha upya draiva ya picha, na Windows kwa kawaida hulia mlio mmoja mfupi. Ukisikia mlio huo, umejua mambo mawili kwa mpigo: Windows iko hai na spika ni nzima, kwa hiyo huenda mgonjwa ni NVDA. Mara nyingi Ctrl, Alt na N huirudisha. Ikikataa, Ctrl, Windows na Enter huamsha Narrator, msomaji anayekuja na Windows. Usiposikia kitu, chomeka hedifoni za USB. Hizi zina kadi ya sauti yake ndani, hivyo zikizungumza, kilichokufa ni sauti ya ndani ya kompyuta tu, na kazi zako zote ziko salama.

Mimi ningemhimiza kila mtumiaji aweke nakala ya NVDA kwenye flashi, kwa sababu programu hiyo hukubali kubebwa hivyo. Kompyuta yake ikigoma kabisa, anaazima ya jirani, anachomeka flashi, anabonyeza Windows na R, kisha anaandika njia ya faili bila kusikia neno. Kwenye kibodi ya azerty ya Kifaransa, mkwaju wa kinyume (\) unaohitajika katika njia hiyo uko kwenye AltGr na 8. Flashi inaweza kuitwa D, inaweza kuitwa E; anajaribu moja, halafu nyingine, mpaka NVDA izungumze.

Panapouma zaidi ni kabla Windows haijapakiwa. Msomaji wa skrini ni programu inayokaa juu ya mfumo endeshi. Mfumo usipoamka, hana pa kusimama. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Nyingi zilihitaji mtu aketi mbele yake, aingie kwenye hali salama na afute faili kwa mkono, na zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, zikadai kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Wakati kama huo asiyeona hupiga picha ya skrini kwa simu na kumtumia anayeona amsomee, mtandao ukikubali.

Hali hii si lazima iwe hivi. Kwenye Mac, msomaji wake VoiceOver huzungumza hata katika sehemu ya kurejesha mfumo, na Narrator ya miaka ya karibuni inaweza kuamshwa katika sehemu kama hiyo ya Windows, mradi draiva ya sauti iwepo. Kilichobaki bubu mara nyingi ni menyu za BIOS, zinazotangulia Windows, na hilo ni uamuzi wa watengenezaji. Kongo ina sheria ya kimsingi namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Kwa msingi huo, shule na ofisi za Ituri zinaponunua kompyuta, zimdai muuzaji aiwashe mbele ya mtu asiyeona na aonyeshe inavyosikika tangu kitufe cha kwanza.