Pemba Peremba: Jina Linalomfunza Mgeni Adabu

Ukifika kijiji cha Wambaa, kisiwani Pemba, msimu wa karafuu, pua hutangulia macho. Barabara inayotoka Mizingani inateremka kuelekea pwani, na kila uwanja wa nyumba umetandikwa majamvi. Karafuu zilizochumwa jana bado zina ukijani na wekundu wake. Zilizokaa juani siku mbili tatu zimeanza kuwa kahawia. Barazani kina mama wanachambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule. Makonyo nayo hayatupwi, maana hukamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi.

Jamvi moja lilikuwa limetandikwa hadi ukingoni mwa njia niliyokuwa nikipita. Bibi mmoja aliniangalia miguu, hakusema neno. Nikavua viatu, nikazunguka kwa nyuma ya mgomba. Ndipo nilipouelewa kwa miguu yangu msemo niliousikia tangu utotoni: Pemba peremba, ukija na winda hurudi na kilemba, ukija na kilemba hurudi na winda.

Miji mingi ya pwani na bara ina jina lake la pili, na jina hilo husema mengi kuliko ramani. Morogoro ni mji kasoro bahari: milima ya Uluguru wanayo, mito wanayo, kilichobaki ni maji ya chumvi tu. Kigoma ni mwisho wa reli tangu Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914. Mwanza hujivunia miamba yake. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid bin Said aliijenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, ilipewa jina la salama, lakini wakaazi wake wakaja kuiita Bongo, kwa kuwa asiyetumia akili haliwezi jiji lile.

Hayo ni majina ya kujisifu au kujieleza. Yako mengine yanayozungumza na mgeni ana kwa ana. Tanga husema: waja leo waondoka leo. Isome kwa sauti ya kuuliza, utasikia lawama ya mwenyeji anayeona mgeni wake ameshika mkoba kabla ya chakula kuiva. Unguja husema ni njema, atakaye aje. Mlango uko wazi, wala hakuna sharti.

Pemba imeweka sharti. Kuperemba ni kwenda kwa hadhari, kutazama kwanza kabla ya kutia mguu. Winda ni ile nguo ya mtu wa kazi, iliyopitishwa katikati ya mapaja na kukazwa kiunoni. Kilemba ni cha mwenye cheo. Anayekuja kwa unyenyekevu kisiwa kitamnyanyua. Anayekuja amejitukuza kitamvua.

Wako wanaousikia msemo huu wakaingiwa na hofu, wakidhani ni kitisho cha uganga. Mimi nauona ni hesabu ya maisha. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Msimu ukifika, watu walivuka bahari kuja kuchuma, na riziki ya mchumaji ilikuwa mikononi mwake na katika masikilizano yake na wenyeji. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake huvunjika upesi. Anayeupanda kwa pupa huharibu mti wa mwenziwe na huenda akaanguka yeye. Hata kupanda mti ni kuperemba.

Kisiwa hiki kina jina lingine la zamani zaidi. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikiandika kwa Kiarabu al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Ukisimama pwani ya Wambaa ukaelekea magharibi, utakiona kisiwa kidogo cha Misali. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale akaomba msala wa kusalia. Ulipokosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, maana kimeelekea kibla. Jina Khidhr na neno khadra ni vya mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni ukijani. Kisiwa kikubwa na nabii wa kisiwa kidogo wameitwa kwa rangi moja.

Na tazama kazi inayofanywa na simulizi hilo. Mvuvi wa Wambaa anayeenda Misali anakwenda kwenye msala, na msala haukanyagwi ovyo. Hifadhi ya Misali ilipoanzishwa mwaka 1998, adabu ya mahali hapo ilikuwa imeshafundishwa na jina.

Siku hizi wageni wengi hukijua kisiwa chetu kwa majina ya matangazo: kisiwa cha marashi ya karafuu, kisiwa cha kijani. Ni majina mazuri na ya kweli. Lakini yanamwambia mgeni atakachokipata, hayamwambii aingie vipi. Ningetamani anayeshuka botini gatini Mkoani akutane na maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: Pemba Peremba. Na watoto wetu wafundishwe maana yake skuli, wasije wakaurithi msemo kama kitisho ilhali wazee waliuacha kama wasia.

Pale Wambaa, nilipomaliza kulizunguka jamvi, bibi yule alisogea kidogo barazani na kunionesha kwa mkono mahali pa kukaa. Kikombe cha kahawa kikaja. Nilikuwa nimekuja miguu mitupu, viatu mkononi. Na nilikaa pale hadi karafuu zilipokusanywa jioni.